UZI: Usafi wa pini, hesi na sahani za betri kwenye vepu. Koili nyingi "zilizokufa" ni uchafu tu

Fundi_wa_Hesi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima yenu.

Kuna malalamiko matatu yanayorudi kila mara kwa watumiaji wa vepu (sigara za umeme). La kwanza, kifaa kinaandika kwamba hakioni atomaiza (tanki la juisi lenye koili) ilhali imekazwa vizuri. La pili, namba ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) inacheza: sasa hivi 0.18, ukigusa tanki inaruka 0.24. La tatu, koili mpya (waya unaopata moto na kugeuza juisi kuwa mvuke) inatoa moshi mwembamba au inanuka kuungua siku ileile imewekwa. Wengi wanakimbilia kubadilisha koili. Ikishindikana wanabadilisha tanki, mwisho modi nzima (mwili wenye betri). Ombi langu ni dogo: kabla hujatupa chochote, safisha pale chuma kinapogusana na chuma, na usafishe kwa kufuta. Kukwangua acha kabisa, nitaeleza kwa nini.

Kwanza fuateni njia ya umeme. Unatoka upande chanya wa betri, unaingia kwenye sahani ya modi, unapita kwenye bodi, unapanda pini ya katikati ya tundu la 510 (lile la kawaida la kukazia tanki kwenye modi), unaingia pini ya tanki, unafika kwenye koili, halafu unarudi kupitia hesi (zile tredi za kukazia) hadi upande hasi wa betri. Kwenye modi ya betri moja na tanki la koili za kubadilisha, hapo kuna maungio yasiyopungua sita ambayo hayakulehemiwa: mawili ya betri, mawili ya 510, mawili kati ya koili na kitako cha tanki. Yote yanategemea chuma safi kubanwa vizuri kwenye chuma safi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodharau. Chukua koili ya omu 0.15 kwa wati 60. Umeme unaopita ni ampea 20. Tuseme pini ina utando unaoongeza omu 0.02 peke yake. Bodi inaona jumla ya 0.17, na zile wati 60 zinagawanyika kwa uwiano huo: karibu wati 7 zinaishia kwenye pini. Wati 7 kwenye kipande kidogo kama kile ni joto kubwa. Ndiyo sababu shingo ya modi inachemka, kihami (kizuizi cha umeme kinachozunguka pini) kinalainika na springi ya pini inachoka kabla ya wakati wake. Uchafu uleule kwenye koili ya omu 1.2 kwa wati 12 unakula wati 0.2 tu, na huenda usijue kamwe kwamba upo. Kwa hiyo anayevuta kwa wati nyingi na omu ndogo anadaiwa usafi zaidi kuliko mwenye kifaa kidogo.

Uchafu wenyewe unatoka wapi? Mwingi ni juisi. Propilini glaikoli na gliserini hazipitishi umeme kwa maana yoyote ya kutegemewa, zinavuta unyevu wa hewa, na zinakamata kila kinachopita: vumbi, nyuzi za pamba, chembe za chuma zinazosagika kwenye hesi unapokaza na kufungua. Juisi yenye utamu mwingi ikikauka inaacha gundi ya kahawia. Juu ya hapo kuna umande wa mvuke unaorudi chini kupitia tundu la hewa, na jasho la vidole, ambalo lina chumvi na linaanzisha kutu ya kijani kwenye shaba.

Vifaa vya kazi ni vichache. Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu; ikiwa 99 ni bora kabisa kwa sababu inakauka haraka na haiachi kitu. Ya asilimia 70 ina maji mengi. Naitumia kwenye vipande nilivyovitoa, siyo ndani ya tundu la modi. Vijiti vya pamba vya masikio, vijiti vya meno vya mbao au mianzi, kitambaa kisichotoa nyuzi, na tochi. Tochi wengi wanaisahau. Uchafu wa 510 umejificha chini ya ukingo wa hesi na bila mwanga wa pembeni huuoni.

Utaratibu wangu uko hivi. Zima kifaa, toa betri. Kama betri ni ya ndani, zima kabisa. Vifaa vingi vinazimika kwa kubofya kitufe mara tano. Ondoa tanki. Geuza modi kichwa chini kabla ya kuleta kitu chochote chenye unyevu, ili spiriti isitiririke kwenda kwenye bodi. Chovya kijiti cha pamba, kikamue hadi kibaki na unyevu tu, kisha kizungushe kwenye hesi kufuata mkondo wake kama unayekaza skrubu. Badilisha kijiti kila kikichafuka, la sivyo unahamisha uchafu tu. Halafu futa kichwa cha pini. Kama pini ina springi, ibonyeze kwa kijiti cha mbao mara kadhaa huku ukifuta, maana juisi inakaa ubavuni mwake na ikikauka pini inanata chini. Malizia na kijiti kikavu. Acha kifaa wazi, bado kichwa chini, nusu saa hivi. Isopropili inashika moto kirahisi, na mvuke wake hautakiwi kukutana na kitufe cha kuwashia wala na njiti ya mtu aliye karibu.

Rudia upande wa pili, yaani pini na hesi za tanki lenyewe, kisha kitako cha koili. Watu wanasafisha modi ikang'aa halafu wanakazia juu yake tanki lenye utando wa mwaka mzima.

Utajuaje kazi imekwisha? Weka tanki, soma omu ikiwa imepoa. Fungua, kaza tena, soma. Rudia. Namba ikirudi ileile, au ikatofautiana kwa 0.01, umemaliza. Ikiruka zaidi ya hapo, bado kuna uchafu, au kuna kitu kimelegea ndani ya tanki.

Karibuni kwa maswali, na mwenye njia bora aiweke hapa.

---

Podi_Nyeusi

Mkuu asante kwa somo. Sisi wa podi za sumaku (vitanki vidogo vya juisi na koili vinavyonasa kwa sumaku) hatuna hesi wala 510. Yangu inapata wazimu: mara inasema hakuna podi, mara inawaka yenyewe bila kuvutwa, nasikia koili inachemka mezani. Nianzie wapi?

---

Fundi_wa_Hesi

@Podi_Nyeusi kuwaka yenyewe ndiyo ya haraka. Toa podi kwanza na usiirudishe hadi umalize. Koili inayowaka bila mtu inaunguza pamba, na kifaa kikiwa mfukoni ni hatari kwako.

Vifaa vinavyowaka kwa kuvutwa vina kihisi cha hewa ndani, na kina kijitundu kwenye kitanda cha podi (shimo podi inapokaa), mara nyingi karibu na pini. Juisi au umande ukiingia humo, kihisi kinaweza kudhani unavuta wakati wote. Kausha kitanda kwa kitambaa au karatasi laini, geuza kifaa kichwa chini kwenye karatasi kavu na ukiache muda mrefu. Usimimine spiriti kwenye kijitundu hicho na usikichokonoe na sindano. Kama baada ya kukauka vizuri bado kinawaka chenyewe, kihisi kimekufa. Kifaa hicho usikitumie tena.

Ile ya "hakuna podi" ni rahisi zaidi. Kwenye kitanda una pini mbili au zaidi zenye springi, na chini ya podi kuna visahani vinavyolingana nazo. Futa pande zote mbili kwa kijiti chenye unyevu wa spiriti, bonyeza pini moja moja uone kama zote zinarudi juu kwa urefu sawa. Ile inayobaki chini imenata juisi. Futa, bonyeza, futa tena hadi icheze. Podi zinavuja umande kidogo hata zikiwa nzima, kwa hiyo jizoeze kufuta kitanda kila unapojaza juisi. Ni sekunde chache tu.

Angalizo: podi na madirisha ya plastiki angavu ya aina ya akriliki hayapendi spiriti, yanaweza kupasuka vinyufa vidogo vidogo. Elekeza kijiti kwenye chuma tu.

---

Bi_Salma_K

Kaka Fundi, mimi nimeona watu wakisugua pini kwa msasa laini hadi inang'aa, na wengine kwa raba ya kufutia penseli. Inang'aa kweli na kifaa kinafanya kazi vizuri siku hiyo. Kwa nini unasema tusikwangue?

---

Mchovyaji

Naomba nimjibie dada, kazi yangu ni ya kuchovya vyuma (kukipa chuma tabaka la chuma kingine).

Ile rangi ya dhahabu kwenye pini mara nyingi ni dhahabu kweli, lakini ni tabaka jembamba ambalo mara nyingi halifiki maikromita 1. Chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli kuna shaba ya njano. Dhahabu imewekwa pale kwa sababu moja: haishiki kutu, kwa hiyo mguso unabaki safi hata kukiwa na jasho na unyevu. Msasa unaondoa tabaka hilo kwa mikono michache. Unachokiona kinang'aa baada ya hapo ni nikeli au shaba iliyo uchi. Siku hiyo itapitisha umeme vizuri, ndiyo maana watu wanaamini wamefaulu. Baada ya wiki chache hewa na juisi zimeshaila, na safari hii hakuna dhahabu ya kuilinda. Kila ukirudi na msasa unaizidishia mikwaruzo, na kwenye mikwaruzo ndimo uchafu unapokaa.

Pini zilizochovywa fedha zina habari tofauti. Fedha ikiwa nyeusi kidogo si lazima uihangaikie, huo weusi ni laini na mara nyingi mbano wa pini unaupenya. Futa kwa spiriti, pima, kama omu imetulia iache na weusi wake.

Chuma kisichoshika kutu ndicho kinachodanganya zaidi kwa macho. Kinang'aa muda wote, lakini kinapitisha umeme vibaya kuliko shaba takriban mara 40. Pini ya namna hiyo hata ikiwa safi kabisa ina mzigo wake. Kama tanki lako lina pini ya kubadilisha na unavuta kwa wati nyingi, tafuta ya shaba.

---

Fundi_wa_Hesi

Hapo kwa @Mchovyaji sina la kuongeza kuhusu msasa. Kuhusu raba tunaweza kutofautiana: mimi nakubali raba nyeupe laini kwenye visahani bapa vya chini ya podi, au kwenye ncha ya betri, pale spiriti inaposhindwa kabisa. Mguso mwepesi, kisha unafuta makombo yote. Ndani ya tundu la 510 sikubali, kwa sababu makombo yanaingia chini ya pini na huyatoi tena.

---

Mchovyaji

Hata raba ina chembe za kusugulia, mkuu. Mimi naiweka kando na msasa. Loweka kijiti, kiache kwenye sahani dakika mbili tatu utando ulainike, halafu futa. Utando wa juisi unayeyuka, hauhitaji nguvu. Kama hauondoki kwa spiriti, basi si juisi, ni kutu au alama ya cheche, na hapo raba inakuficha tatizo.

---

Bi_Salma_K

Nimewaelewa nyote wawili. Na zile nywele za chuma za kusugulia masufuria?

---

Fundi_wa_Hesi

Hapana dada, zisikaribie kabisa kifaa chenye betri. Unywele mmoja ukibaki kati ya pini na hesi ni shoti tayari. Na unywele mwembamba wa chuma ukipitiwa na umeme mkubwa unawaka moto. Vilevile zile kalamu za nyuzi za kioo wanazotumia mafundi wa bodi: nyuzi zake zikivunjika zinabaki mahali ambapo wewe utaweka mdomo na kuvuta hewa.

---

Joto_Thabiti

Mimi natumia hali ya kudhibiti joto, koili za chuma cha 316L (aina ya chuma kisichoshika kutu), omu 0.3. Kwa wati za kawaida kifaa kinanyooka. Nikiwasha udhibiti wa joto, mara kinakata moshi katikati, mara kinaunguza pamba. Nimebadilisha waya, nimebadilisha pamba. Inahusiana na uzi huu?

---

Fundi_wa_Hesi

@Joto_Thabiti inahusiana kuliko swali lingine lolote hapa, na nimefurahi umeliuliza.

Kifaa hakina kipimajoto kwenye koili. Kinachofanya ni kusoma omu ya koili ikiwa baridi, halafu kuangalia inavyopanda inapopata joto, na kutoka hapo kinakisia nyuzi. Chuma cha 316L kinapanda kidogo sana, takriban sehemu 0.0009 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili yako ya 0.3 ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 220, omu inaongezeka kama 0.054 tu. Ndani ya hiyo 0.054 ndimo kifaa kinasoma nyuzi zote 200.

Sasa weka pini chafu inayocheza kwa 0.02. Kwa kifaa hiyo ni sawa na zaidi ya nyuzi 70. Omu ya pini ikipanda wakati unavuta, bodi inadhani koili imepitiliza joto, inakata umeme, moshi unakufa. Na kama bodi ilisoma omu ya baridi wakati pini haigusi vizuri, kisha ukaitikisa ikagusa vizuri, bodi inadhani koili ni baridi kuliko ilivyo na inaendelea kusukuma. Hapo pamba inaungua. Dalili zako zote mbili zinatoka mahali pamoja.

Watumiaji wa nikeli wanasumbuliwa kidogo kuliko wewe, kwa sababu nikeli inapanda karibu sehemu 0.006 kwa nyuzi, yaani zaidi ya mara sita ya chuma chako. Lakini koili za nikeli huwa na omu ndogo sana, kwa hiyo na wao pini chafu inawaumiza kwa njia nyingine.

Fanya hivi: safisha 510 pande zote mbili. Fungua kitako cha tanki, angalia skrubu zinazobana miguu ya waya. Waya unapanuka na kusinyaa kila unapovuta, skrubu zinalegea taratibu. Zikaze bila kukata waya. Acha kila kitu kipoe hadi joto la chumba, weka tanki, ndipo uruhusu kifaa kisome na kufunga omu ya baridi. Usilifunge tanki likiwa na joto la kuvuta.

---

Joto_Thabiti

Skrubu moja ilikuwa inazunguka kwa kidole, mkuu! Nimeikaza, nimefuta 510, pini ya tanki ilikuwa na utando wa kahawia. Omu sasa haijongei nikitikisa. Naendelea kuangalia.

---

Kipofu_wa_Namba

Modi yangu pini imezama. Tanki linakaa chini kabisa lakini haligusi. Nikilikaza kwa nguvu inasoma, nikiachia inapotea. Nilishindilie zaidi?

---

Fundi_wa_Hesi

@Kipofu_wa_Namba kushindilia ndiko kunakozamisha pini. Tanki linakazwa kwa vidole viwili hadi likae, basi.

Toa betri. Tazama kwa tochi. Kama pini ni ya springi, huenda imenata tu: weka unyevu kidogo wa spiriti kwa kijiti, kifaa kikiwa kichwa chini, uibonyeze na kuiachia hadi ianze kurudi. Kama ni pini isiyo na springi, ile ya vifaa vya zamani, inaweza kuinuliwa kidogo sana kwa ncha ya kijiti cha mbao au plastiki ngumu, ukizunguka pande zote, usiinue upande mmoja. Usitumie bisibisi. Kati ya pini na ukuta wa hesi kuna kihami chembamba, ukikipasua pini itagusa ukuta na utapata shoti ya kudumu. Kihami kikionekana kimeyeyuka, kimeegama au kimekuwa cheusi, hapo usafi umefika mwisho wake. Tundu zima la 510 linabadilishwa na mtu anayejua kulehemu.

---

Shaba_Tupu

Sisi wa modi za mekanika tusisahaulike. Hatuna bodi ya kutukinga, hatuna skrini ya kusoma omu. Kila kitu kwetu ni mguso. Shaba yangu inakuwa nyeusi haraka na nguvu inashuka. Natumia siki na chumvi, inarudi nyekundu kama mpya. Wakuu mnasemaje?

---

Mchovyaji

@Shaba_Tupu siki na chumvi, au ndimu, vinaondoa kutu ya shaba vizuri, kwa masharti. Kipande kiwe kimetolewa, kisiwe na springi wala kihami juu yake, kisiwe kimechovywa kitu. Dakika chache zinatosha. Kisha maji safi mengi, kisha spiriti, kisha kikauke kabisa. Asidi na chumvi zikibaki kwenye hesi zitaanzisha kutu mpya yenye kasi kuliko ile uliyoiondoa. Weusi wa nje ya mwili wa modi ni sura tu. Unaokula nguvu ni ule wa kwenye hesi, kwenye kitufe na kwenye ncha zinazogusa betri. Safisha hapo, kwingine ni hiari yako.

---

Fundi_wa_Hesi

Na kwenu wa mekanika nina neno zito. Kwenye modi zile ambazo pini ya atomaiza inagusa betri moja kwa moja, pini hiyo lazima itokeze nje kupita ukingo wa hesi, na isizame inapobanwa. Ikiwa sawa na ukingo au chini yake, upande chanya wa betri unagusa hesi, ambazo ndizo upande hasi. Hakuna bodi ya kukata umeme. Betri inaingia shoti ndani ya bomba la chuma lililo karibu na uso wako.

Kwa hiyo mtu akikushauri upige pini tupa au msasa "ipate mguso safi", kataa. Kila unapoikwangua inafupika. Baada ya kusafisha, kagua kwa jicho kwamba pini bado imetokeza na kihami kipo mahali pake, na upime omu ya atomaiza kwenye kipimo kabla ya kuiweka juu ya betri.

---

Tochi_ya_Usiku

Betri zangu za 18650 zina vidoa vyeusi upande chanya, kama vimechomwa. Na karatasi ya plastiki imechanika kidogo pale juu. Nifute tu niendelee?

---

Fundi_wa_Hesi

Vidoa vyeusi ni alama za cheche. Sahani ya modi haikugusa vizuri, umeme ukaruka. Futa ncha ya betri kwa kijiti chenye unyevu kidogo tu, angalia tundu dogo la kupumulia pembeni mwa ncha lisiingie majimaji. Kisha safisha sahani na uangalie springi yake: ikibonyezwa inarudi kwa nguvu? Springi iliyowahi kupata moto hulegea, na iliyolegea italeta cheche tena hata ukifuta kila siku. Badilisha.

Kuhusu karatasi, usiendelee. Mwili mzima wa betri ya 18650 ni upande hasi, pamoja na ule ukingo wa juu unaozunguka ncha chanya. Kinachotenganisha hasi na chanya pale juu ni pete nyembamba ya kihami na hiyo karatasi. Mchaniko wa pale juu ndio mbaya kuliko mchaniko wa mahali pengine popote. Karatasi mpya za kusinyaa kwa joto zipo, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Rudisha pete mahali pake kwanza. Betri yenye mbonyeo, uvimbe au harufu usiivishe nguo mpya, ipeleke zinakokusanywa betri mbovu.

---

Kipofu_wa_Namba

Pini imerudi, ilikuwa imenata. Swali lingine: nina multimita. Inasema koili ya 0.2 ni 0.5. Koili mbovu?

---

Joto_Thabiti

Hapana kaka, hizo ni waya za multimita yenyewe. Gusanisha ncha zake mbili pamoja usome, mara nyingi utakuta kati ya 0.1 na 0.5. Toa hiyo kwenye jibu lako. Hata hivyo kwa koili ndogo usiiamini sana, tumia skrini ya modi au kipimo cha omu cha koili.

Lakini multimita inafaa kwa kazi nyingine. Toa koili kwenye tanki, pima kati ya pini na hesi za tanki. Hapo pasipite umeme hata kidogo. Ikilia, kuna chembe ya chuma au kihami kimekufa, na ndiyo sababu ya wengi wanaoandikiwa "shoti".

---

Bi_Salma_K

Nikishasafisha, naweza kupaka WD-40 au grisi kidogo isishike kutu tena?

---

Fundi_wa_Hesi

Dada, hapana kwa vyote. WD-40 inaacha mafuta, na mafuta hayo yako sentimita chache kutoka kwenye tundu la hewa unayoivuta. Grisi ya silikoni ni kihami, ikibaki kwenye pini umeongeza utando uliotoka kuuondoa. Dawa za makopo za kusafishia miguso ya redio nazo nyingi zinaacha mafuta kwa makusudi. Hata jeli ya kuua vijidudu mikononi isitumike, kwa sababu kinachoifanya iwe nzito kinabaki. Spiriti ya kuwashia majiko mara nyingi ina methanoli, ambayo ni sumu, pamoja na rangi. Hesi zikiwa kavu hadi zinalia, gusa kwa chembe ya gliserini isiyo na ladha kwenye hesi peke yake, pini ibaki kavu.

Na vaa glavu unapofuta juisi nyingi. Nikotini inapita kwenye ngozi. Vijiti na vitambaa ulivyotumia vifunge na uvitupe mbali na watoto na wanyama, kiasi kidogo tu kinaweza kuwadhuru.

---

Podi_Nyeusi

Mrejesho: kitanda kilikuwa na dimbwi kabisa. Nimekausha usiku kucha, haiwaki yenyewe tena na podi inasomeka. Ila sasa haichaji mpaka nishikilie waya kwa pembe fulani. Tundu ni la USB-C. Na tundu nalo tunalifuta kwa spiriti?

---

Fundi_wa_Hesi

Afadhali. Ikiwaka yenyewe tena hata mara moja, iache.

Tundu la chaji anza kavu. Zima kifaa, chomoa waya. Mara nyingi ni nyuzi za nguo za mfukoni zilizoshindiliwa hadi waya hauingii mwisho wake. Zitoe kwa kijiti cha meno cha mbao ulichokichonga chembamba, ukipita kati ya ukuta na ule ulimi wa katikati, bila kuusukuma ulimi. Usiingize sindano wala pini ya nguo, betri yako ni ya ndani na haitoki. Ukishatoa nyuzi, waya ukiingia na kubana, umemaliza. Kukiwa na juisi humo, tumia kijiti kilekile kilichozungushiwa pamba kidogo yenye unyevu mdogo wa isopropili ya 99, na usichaji hadi kesho yake, maana volti 5 zikikutana na unyevu zinakula pini haraka sana. Ukiona kijani au weusi kwenye ulimi, kichwa cha waya nacho kikague, kwa sababu waya ulioliwa utaharibu tundu jipya pia.